Mtani na Waya wa Ardhi

Asubuhi ile mtaa mzima wa Picha ya Ndege hapakuwa na fundi mwenye kichwa kikubwa kumshinda Castory. Amplifaya ya Mwinyimadi ilikuwa juu ya meza yake, imewashwa, taa yake ya manjano inawaka, spika zote mbili zimechomekwa, na iko kimya kama mtoto aliyelambishwa asali.

Mafundi wawili walikuwa wameshindwa nayo, mmoja wa Mlandizi na mwingine wa Kisarawe mjini. Waliifungua, wakaifunga, ikarudi kwa mwenyewe inaunguruma vilevile. Mmmmm. Muziki uwepo usiwepo, uongeze sauti upunguze, mmmmm, kama dume la ng'ombe lililofungiwa bandani. Ilikuwa mashine ya Kijapani ya miaka ya sabini, uso wa rangi ya fedha, vinundu vizito vya kuzungusha, na tundu la maiki hapo mbele. Baba yake Mwinyimadi aliinunua kwa Mhindi mwenye duka aliyekuwa anahama Kisarawe, na tangu hapo hakuna mwali wa ukoo ule aliyetolewa nje bila sauti yake.

Mwinyimadi alifika na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, kanzu amekunja mpaka kiunoni, viatu vya ngozi vyeusi miguuni, haraka tupu.

"Hebu washa nisikie."

"Imewaka."

"Imewaka wapi?"

"Mzaramo, macho yako yameingia tui la nazi? Taa hiyo huioni?"

Mwinyimadi akainama, akaweka sikio kwenye spika ya kulia, kisha ya kushoto. Akaguna. Akashika maiki, ile ya chuma iliyokuja na mashine yenyewe, akasema "moja, mbili," na sauti yake ikatoka safi kama ya mtu aliyesimama nje ya kibanda. Akacheka peke yake.

"Umeifanya nini?"

"Nimeichapa."

"Sema kweli."

"Siri ya kazi hiyo. Wewe beba uende."

Kweli yenyewe Castory hakuitaka mdomoni. Kapasita mbili kubwa za ndani alizibadilisha, maana zilikuwa zimevimba vichwa kama vyura, na muungurumo ukapungua lakini haukuondoka. Akachomelea upya kila palipolegea. Haukuondoka. Jioni kwa jioni alikaa nao uso kwa uso mpaka akaanza kuusikia kwenye uji. Mwishowe, kwa hasira zaidi kuliko akili, akaufuata waya wa umeme pale unapoingia kwenye mashine. Ndani yake mna nyaya tatu. Wa tatu ule wa kijani ndio waya wa ardhi, umefungwa kwenye bati la mashine, nao kazi yake ni kupeleka chini umeme uliopotea njia. Akaukata. Papo hapo pakawa kimya.

Mafundi wengi hufanya hivyo. Waya wa ardhi wanauita pambo. Redio ngapi zina nyaya mbili tu, na zinaimba? Castory akauviringishia utepe, akafunga kifuniko, akalala usingizi wa mshindi. Kwa nini kumekuwa kimya, hakujiuliza. Mtu akishapata kimya alichokitafuta, hakisumbui kwa maswali.

"Leo mchana Raudha anatoka," Mwinyimadi alisema huku wakiinyanyua mashine pamoja. Raudha alikuwa binti yake, amekaa ndani tangu amalize mitihani ya kidato cha nne, kama desturi inavyotaka. "Safari iliyopita, alipotoka yule wa kaka yangu, dada Sikudhani anaimba majina ya wazee, redio inakoroma juu yake. Watu wa ng'ambo ya mto wakatucheka. Wakasema, wazee wenu mbona wanaitwa hawaamki?"

"Na leo anaimba yeye?"

"Aimbe nani tena? Shangazi wa mwali ndiye manju. Saa hizi ninavyoongea nawe akina mama wanamwagia uwanja maji, vumbi lisimkabe koo. Na viatu anavua, unamjua. Anasema ngoma yeye anaisikia kwa nyayo."

"Na umeme mnachukua wapi?"

"Chumba cha mwali. Ndicho chenye soketi nzima. Waya tunautoa dirishani."

Castory akamtazama kwa jicho la pembeni. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu misafara ya bara ilipokuwa inateremka pwani, na mtani penye shughuli ya mtani wake ana ruhusa zake. Anaweza kukaa juu ya chungu watu wasile, anaweza kuficha viatu vya bwana harusi, na hapigwi wala hasusiwi.

"Basi nakuja," akasema. "Mkikolea tu, nazima hiyo redio katikati ya wimbo. Haiwaki mpaka mtani wenu nipewe jogoo."

"Njoo! Njoo uone! Tutakufunga kamba kwenye mkorosho, halafu tukutwishe gunia urudi nalo Tabora kwa miguu, kama babu yako alivyokuja."

"Babu yangu alikuja na pembe za ndovu. Wako alimpokea na ngoma, moto umemzimikia jikoni."

Wakacheka wote wawili, na dereva wa kirikuu naye akacheka. Gari likaingia barabara ya Morogoro, likaenda zake.

Castory akajimiminia maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa makamo ya mwisho, mzaliwa wa Sikonge, aliyepita Urambo kwenye tumbaku, Tanga kwenye mkonge, Mtwara kwenye korosho. Kazi ya redio aliiokota njiani. Nusu alifundishwa na mwanajeshi mstaafu, nusu na redio zenyewe. Kwenye miguu yake mikavu alivaa makatambuga, ndala za tairi la gari, nene kama andazi. Alikuwa hazivui mpaka kitandani.

Laurensia, mama wa chai wa kibanda cha pili, akaja kuchukua vikombe vyake.

"Limeondoka lile dude?"

"Limeondoka, mama. Kimya kama kaburi."

"Afadhali. Lilikuwa na meno."

"Meno gani?"

"Si lile liliniuma asubuhi? Nilipowaletea chai wewe na yule bwana wa betri. Nimetoka kuosha vyombo, mikono ina maji, na ndala yangu imekatika ukanda nimeiacha kule. Nikaegemeza sinia pale mbele, penye rangi ya fedha. Likanitetemesha mpaka kwenye kiwiko! Nikasema Bikira Maria. Nusura nikumwagie chai."

Castory akashusha kikombe.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mlikuwa mnabishana mpira. Nikajua ndivyo vitu vyenu vya mafundi vilivyo, vina vijiumeme vyake."

"Ulikuwa peku?"

"Si nimekwambia ndala imekatika? Mzee Castory, vipi, mbona umekuwa hivyo?"

Castory akainama. Alikuwa anaitazama miguu yake. Makatambuga. Chini ya makatambuga, kipande cha mpira alichotandika mwenyewe mbele ya meza, ili umeme usimpate. Ameishika mashine ile kutwa, ameikumbatia, ameipiga makofi, na haikumfanya kitu. Mwinyimadi naye aliishika, ana viatu vya ngozi. Imemuuma Laurensia peke yake, mwenye nyayo tupu na mikono ya maji.

Akaona yote kwa pamoja, kama mtu aliyewashiwa taa chumba ambacho amekuwa akipapasa. Transfoma ya ndani imezeeka, ngozi ya nyaya zake imeungua mahali, na umeme unavuja kwenda kwenye bati. Siku zote ulikuwa unavuja. Waya wa ardhi ulikuwa mfereji wake, unaupokea na kuupeleka chini, na ule muungurumo ulikuwa sauti ya umeme ukipita mferejini. Yeye ameukata mfereji. Umeme hauna tena pa kwenda. Umekaa kwenye bati, umekaa kwenye vinundu, umekaa kwenye maiki ya chuma, unangoja mtu wa kumpitia.

Na kule Vihingo, kijijini kwa Mwinyimadi, akina mama wanamwaga maji uwanjani.

Akapiga simu. Sauti ya yule dada wa mtandao ikamwambia namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Namba ya mtu mwingine wa Vihingo hakuwa nayo.

Ilimjia, kama inavyomjia mtu yeyote, kwamba labda si kitu. Laurensia ametetemeka lakini hakufa. Na akienda atasema nini mbele ya watu, kwamba Castory bingwa wa Picha ya Ndege ameponya mashine kwa kukata waya wa usalama? Wazo hilo lilisimama mbele yake kidogo tu. Kisha akamwona Sikudhani, alivyomwona mwaka mmoja kwenye ngoma ya Mzenga: mwanamke mrefu, ameibana maiki mpaka inagusa midomo, nyayo zimezama kwenye tope hadi kwenye vidole. Laurensia aligusa akaachia. Anayeikumbatia kwa vidole vyote mkono unakaza wenyewe, haufunguki.

Akatia mfukoni plaizi, bisibisi ya testa, utepe na kipande cha waya, akatoka mbio bila kufunga kibanda.

"Bilali! Washa!"

Bilali alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake, kofia ngumu usoni. "Wapi, mzee?"

"Vihingo."

"Vihingo ya Kisarawe? Mzee, huko ni ukweni kwangu, siwezi kwenda bila zawadi. Kuna nini, unafuata jogoo wako?" Utani wa asubuhi ulikuwa umesikika mpaka kijiweni.

"Kuna mtu atakufa, Bilali. Na nimemuua mimi."

Bilali akavaa kofia.

Barabara ya lami waliila upesi, malori yanawapigia honi. Mlandizi wakaiacha lami, wakashika njia ya vumbi upande wa Mzenga, wakaruka reli, mikorosho ikaanza kuwapita kulia na kushoto. Castory alikuwa amemshika Bilali kiunoni kama mtu anayeogopa mto. Kila walipopanda kilima alijaribu simu kwa mkono mmoja. Haipatikani. Vumbi lilikuwa jekundu, kavu, na kila alipoliona aliwaza kwamba hata yeye angelimwagia maji.

Walipopita Mzenga wakakuta fuso la mkaa limelala ubavu kwenye njia nyembamba, magunia yametapakaa, watu wanabishana nani alaumiwe. Hapapiti kitu.

"Tuzunguke," alisema Castory.

"Hilo ni shamba la mtu."

"Zunguka!"

Wakaingia kwenye mihogo. Bibi mmoja akasimama katikati ya matuta, jembe mkononi, akawatukania mama zao na bibi zao kwa mpangilio. Castory akampungia mkono, "Shikamoo bibi, tunawahi uhai wa mtu!" Bibi akajibu, "Marahaba, na ufe wewe kwanza!" Pikipiki ikaruka tuta la mwisho, ikatua njiani.

Kisha wakasikia ngoma.

Ilitoka mbali, nyuma ya kilima, na juu yake ikaja sauti ya mtu ikipita kwenye spika. "Moja, mbili. Wageni wetu karibuni. Mwali yuko tayari, nasi tuko tayari." Mwinyimadi. Viatu vyake vya ngozi bado viko miguuni, Castory akawaza. Bado yuko hai, bado amevaa viatu. Nyuma ya sauti ile hapakuwa na mvumo hata chembe. Ilikuwa safi kabisa. Tangu aanze kazi ya redio hajawahi kusikia sauti safi ikamtia hofu namna ile.

"Sasa namkabidhi dada yangu," ikasema sauti, "manju wetu, shangazi wa mwali."

Vigelegele vikapanda.

"Ongeza mwendo, Bilali."

"Imeisha, mzee. Hakuna mwendo mwingine."

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume upande wa mikorosho, wanawake wa khanga za sare upande wa nyumba, ngoma katikati, na ardhi yote pale kati inang'aa kwa maji. Amplifaya ilikuwa juu ya kigoda karibu na ngoma, uso wake wa fedha unawaka jua. Waya wake ulipita juu ya ardhi, ukapanda ukutani, ukaingia kwenye dirisha lenye pazia. Castory aliruka kabla pikipiki haijasimama.

"Msishike! Msishike maiki! Zimeni! Ina umeme!"

Watu wakamgeukia. Kisha uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Amekuja!" alipiga kelele Mwinyimadi. "Si niliwaambia? Mnyamwezi amekuja kuzima redio! Mshikeni!"

"Mwinyimadi, sikia! Huu si utani!"

"Anasema si utani!" wakarudia, na kicheko kikazidi, maana ndivyo mtani anavyosema siku zote. Akina mama wakamzingira. Mmoja alikuwa na bakuli la unga, akampaka usoni mpaka machoni. Mwingine akamfunga khanga kichwani. "Mbebeni, mzigo umefika!" "Ulizeni amekuja na pembe?" "Jogoo wako yuko kwenye chungu, kamwombe mwenyewe!" Mikono ikamshika kila upande, ya upole, ya kucheka, yenye nguvu za watu wa jembe. Kadiri alivyohangaika ndivyo walivyofurahi. Kwa miaka mingi hawajapata mtani anayejua kazi yake namna ile.

Katikati ya unga aliiona miguu ya Sikudhani. Ilitoka kwenye viatu vyekundu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Ikakanyaga tope. Maiki ilikuwa kwenye kitambaa juu ya kigoda, Mwinyimadi ameirudisha pale. Sikudhani alikuwa anajifunga khanga kiunoni, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, anawatazama watu, anangoja kicheko kipungue.

"Mwacheni jamani, asinichafulie kuanza," alisema. Hakuhitaji maiki kusikika.

Plagi. Iko chumbani. Castory akatazama dirisha lile, na mlango wake ambao makungwi wawili wameukalia. Chumba cha mwali hakiingiwi na mwanamume, awe baba, awe mtani, awe nani. Kabla hajafika kizingitini atakuwa amelazwa chini, na Sikudhani ameshaimba. Swichi ya mashine iko mbele, ng'ambo ya watu.

Lakini waya unapita ardhini. Ulikuwa hatua chache kutoka miguuni pake.

Akalegea. Akaacha kushindana, akaanguka chini kama gunia, na wale waliomshika, kwa kucheka, wakamwachia aanguke. Akatambaa kwa magoti. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na plaizi yenye mipini ya mpira. "Anatafuta nini huyo?" mtu akauliza. Sikudhani aliinama kuchukua maiki.

Castory akabana plaizi kwenye waya kwa mikono miwili.

Ulilia kishindo kidogo, cheche ya buluu ikaruka, plaizi ikatobolewa jino. Taa ya manjano ya amplifaya ikazimika. Ngoma zikasimama. Sikudhani alikuwa amesimama wima, maiki mkononi, imekufa.

Sasa hakuna aliyecheka.

"Castory." Mwinyimadi alikuja polepole, na hakumwita mtani. "Utani una mpaka wake. Umenikatia waya. Mwali wangu yuko mlangoni, wageni wangu wamekaa, umenikatia waya."

"Umeme umevuja. Mashine ina umeme kwenye bati. Angeishika angekufa."

"Si wewe uliyeitengeneza?"

"Ni mimi."

"Si uliniambia imepona?"

"Nilikata waya wa ardhi, Mwinyimadi. Muungurumo ulikuwa unatoka huko. Nikaunyamazisha, sikujiuliza."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mzee mmoja akasema Mnyamwezi amelewa. Kijana mmoja akasema afungwe kweli sasa, siyo kwa kucheza. Sikudhani ndiye aliyeinua mkono.

"Anionyeshe," alisema. "Kama ni uongo, nitamshughulikia mwenyewe."

Kungwi mmoja akaingia kuchomoa plagi. Castory akaunga waya alioukata, akauviringishia utepe. Akaiweka maiki juu ya kigoda, akaomba watu wasogee nyuma. "Chomeka!" Taa ya manjano ikawaka. Akatoa testa, bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, kinachowaka umeme kidogo ukipita mwilini mwa mshikaji kwenda chini, akaigusisha kwenye maiki huku kidole gumba chake kikiwa nyuma ya mpini.

Hapakuwaka kitu.

Jua lilikuwa kali. Akaikinga kwa kiganja, akatazama. Hakuna. Nyuma yake mtu akacheka, kicheko kifupi, kibaya.

"Haya," alisema Mwinyimadi. "Tumeona."

Castory aliishika testa ile, jasho na unga vinamteremka mdomoni, na kwa nukta moja naye akaanza kuamini kwamba amekimbia bure. Halafu akatazama chini. Makatambuga. Ndiyo yaliyomdanganya kule, na hapa yanamdanganya tena.

Akayavua. Akakanyaga tope. Lilikuwa la baridi, likapanda katikati ya vidole. Akagusisha testa tena, akaikinga.

Kitaa kikawaka chekundu.

"Njoo uone, mama," alimwambia Sikudhani. "Usiguse. Tazama tu."

Sikudhani akainama, khanga ameibana magotini. Alikitazama kitaa kile kilivyowaka pale pale kwenye wavu wa maiki, mahali midomo yake ilipokuwa ikae. Akatazama nyayo zake. Kisha akarudi hatua mbili nyuma na kukalia ukingo wa kinu.

Mwinyimadi naye akaona. Akafuta uso kwa kanzu. "Mimi nimeishika," alisema. "Si nimeishika hapa sasa hivi?"

"Una viatu."

"La ilaha illa Llah."

Kutoka mlangoni kungwi akauliza mwali atoke au asitoke, jua linapinda.

"Tuimbe mdomo mtupu," alisema mzee mmoja.

"Raudha atoke na mashine ya babu yake," alijibu Sikudhani. Sauti ilikuwa imemrudia, ingawa si yote. "Fundi. Inatengenezeka?"

"Haitapona leo. Inataka transfoma mpya. Lakini naweza kuirudishia mfereji wake, umeme uende chini usikae kwenye bati. Itaunguruma."

"Kama mwanzo?"

"Kama mwanzo. Na tabu ni yangu, siyo yenu."

Wakaleta kipande cha nondo. Plagi ikachomolewa, Castory akakipigilia kwenye tope kwa kichwa cha shoka mpaka kikabaki kipimo cha kidole, akaomba maji ya chumvi jikoni, akayamwaga yote pale. Kipande cha waya akakifunga upande mmoja kwenye nondo, upande mwingine chini ya skrubu ya bati, akakaza mpaka skrubu ikalia. "Chomeka!"

Mmmmm.

Uliingia kwenye spika zote mbili, mnene, wa zamani, ukajaa uwanja. Upande wa mikorosho mgeni mmoja wa ng'ambo ya mto akasema, "Wazee wao wamelala tena," na watu wawili watatu wakacheka kwa woga.

Castory, peku, akagusa maiki kwa testa. Giza. Bati. Giza. Vinundu, kimoja kimoja. Giza. Kisha akaiweka testa mfukoni, na mbele ya watu wote akaweka kiganja chake kizima juu ya uso wa fedha, nyayo ndani ya tope. Akafumba macho. Akayafumbua.

"Sasa," alisema.

Sikudhani hakuinuka. "Mimi siishiki hiyo hivihivi. Na wewe umetuzimia shughuli. Desturi ya mtani akizima shughuli ni nini?"

"Anapewa jogoo."

"Jogoo ni wa anayezima kwa kucheza. Wewe umezima kweli, unatozwa." Akanyoosha kidole. "Lete hayo matairi yako."

Hapo ndipo kicheko kilipowarudia, kikaanzia kwa akina mama wa unga, kikaenea mpaka kwa wapiga ngoma. Castory akamsogezea makatambuga kwa mguu. Sikudhani, ambaye tangu azaliwe hajaimba na viatu, akatia miguu yake mirefu ndani ya ndala za tairi za Mnyamwezi. Vidole vikapitiliza mbele.

"Mama wee, shangazi anakwenda Tabora!" mtu akapiga kelele.

"Nikifika nitawasalimia," akasema, akaja kuchukua maiki. Kabla ya kuishika alimtazama Castory, na macho yake hayakuwa na mzaha.

"Mkono wako usitoke hapo."

"Hautoki."

"Mpaka nimalize."

"Kama itauma, ianze na mimi."

Akaishika. Castory aliona vidole vyake vikiigusa kwanza kwa ncha, vikaachia, vikaigusa tena, vikaikunja. Pumzi yake ikasikika kwenye spika juu ya muungurumo. Mlango ukafunguliwa, Raudha akatokeza juu ya bega la kungwi, amefunikwa mpaka kifuani, na Sikudhani akaanza kuita majina ya wazee. Aliuchukua ule mvumo kama mtu anayekaribisha sauti ya pili, akakaa juu yake, akateremka chini yake, na kila alipovuta pumzi ulibaki wenyewe, mmmmm, ukishikilia wimbo usianguke.

Castory aliusikia kwenye kiganja kabla ya masikio. Tope lilikuwa limeanza kumkaukia miguuni. Mwinyimadi akaja kwa nyuma na jogoo mwekundu, amefungwa miguu, anapiga mbawa.

"Haya, mtani. Chukua. Usije ukasema Wazaramo ni wachoyo."

Castory hakugeuka. "Mweke chini," alisema. "Mkono una kazi."